Kitamu cha Krismasi Nyanda za Juu: vitumbua, kalmati na keki zinazogoma

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: nipike kitu gani kitamu siku ya Krismasi, kiwe cha asili yetu, na kisinifungie jikoni siku nzima? Karibu zote zina kisa kinachofanana. Kipimo kimetoka Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar, kimefika Mbeya au Iringa, kikagoma.

Kipimo chenyewe hakina ubaya, ila kilipimwa mahali pengine. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji yake yanachemka kwenye nyuzi 94 badala ya 100, na usiku wa Desemba baridi inashuka hadi karibu nyuzi 14. Iringa iko chini kidogo, Njombe na Makete zimepanda zaidi. Baridi hiyo, pamoja na hewa nyepesi ya huku juu, ndiyo inayoharibu rojo la vitumbua, shira na keki, na kila kimoja kinaharibika kwa namna yake. Katika majibu yote, kikombe ni cha robo lita, kilichosawazishwa kwa kisu bila kushindiliwa.

*Mwaka jana nilipika vitumbua vya Krismasi kwa kipimo cha dada yangu wa Temeke: mchele vikombe viwili, hamira kijiko kimoja cha chai, viumuke saa moja. Saa moja ikapita, rojo limelala vilevile. Nikaongeza hamira vijiko viwili. Kuja kuumuka, kukawa kwa fujo: vitumbua bapa, vina harufu ya pombe, vimejaa mafuta. Mwaka huu ibada yetu ni saa 1 asubuhi na wageni wanafika saa 6 mchana. Nifanyeje?*
*Mama wa watoto wanne, Uyole, Mbeya*

Pole sana, mama. Hamira yako haikuwa mbovu, ilikuwa imepigwa na baridi. Hamira inafanya kazi vizuri kwenye joto la nyuzi 27 hadi 35. Jikoni Temeke joto hilo lipo lenyewe. Jikoni Uyole alfajiri halipo. Ulipoongeza vijiko viwili ulirundika hamira ambayo bado ilikuwa inajivuta, na jua lilipopanda yote ikaanza kazi kwa pamoja. Hapo ndipo hewa ya huku inapokuja kumalizia: povu likishaanza, linavimba haraka kuliko pwani kwa sababu hewa inayoligandamiza ni nyepesi. Rojo likapita kiwango, vipovu vikapasuka, ukabaki uji mchachu usioweza kujibeba. Kitumbua cha rojo la namna hiyo hunywa mafuta tu.

Kwa hiyo usiguse kipimo cha hamira kwenda juu. Shughulika na joto na saa.

Vitu vyenyewe ni hivi: mchele vikombe 2, tui zito kikombe 1, wali uliopikwa vijiko 3 vya chakula, sukari nusu kikombe, hamira ya chenga, iliki iliyotwangwa nusu kijiko cha chai, chumvi kiasi cha kubana kwa vidole viwili. Hapo unapata vitumbua kama 22. Mchele wa chenga unafaa kabisa, hauna haja ya kununua daraja la kwanza ili uusage. Ukitumia mchele wa Kyela, punguza iliki hadi robo kijiko. Mchele ule una harufu yake nzuri, na ni hasara kuuzika ndani ya iliki.

Wali uliopikwa watu wengi huuacha, na ndio unaoshika kitumbua. Mchele hauna ule mnato wa ngano unaofungia hewa ndani. Wali ukisagwa humo, wanga wake ulioiva unageuka gundi nyepesi, vipovu vinapata pa kukaa. Bila huo kitumbua kinaumuka kwenye bakuli kisha kinalala kwenye chuma.

Usiku wa tarehe 24 saa 2, osha mchele mpaka maji yatoke meupe kidogo tu, uloweke kwenye maji mengi. Saa 11 alfajiri uchuje vizuri. Ukibonyeza punje moja kwa kucha inapaswa kuvunjika bila ubishi. Usage na wali na tui lililopashwa likawa la vuguvugu. Likikubali kidole bila kukuchoma, basi. Endelea kusaga mpaka ukisugua rojo kati ya kidole gumba na cha shahada usisikie mchanga. Chenga zilizobaki zinazama chini ya bakuli, na vitumbua vya mwisho vinatoka vigumu kama biskuti.

Sasa weka hamira nusu kijiko cha chai, nusu tu, na nusu ya sukari. Funika, acha mezani palepale jikoni, uende ibadani. Kwa joto la asubuhi la Uyole, rojo hilo litachukua saa 3 na nusu mpaka 4, yaani unarudi unalikuta limejaa vipovu vidogo juu na limepanda karibu nusu ya kimo chake. Hapo ndipo unatia sukari iliyobaki, iliki na chumvi. Sukari yote ikiingia mwanzoni inaivutia maji hamira na kuichelewesha. Ujue pia kwamba sukari ikiyeyuka rojo linalegea, kwa hiyo usiongeze maji kabla ya kuitia. Rojo zuri ukilinyanyua kwa mwiko linashuka kama utepe, na mstari wake unakaa juu sekunde mbili au tatu kabla ya kupotea. Likiwa jepesi kuliko hapo, ongeza unga wa mchele au wa ngano kijiko kimoja kimoja.

Ikiwa umechelewa na una saa moja na nusu tu, weka hamira kijiko kimoja kamili, tui liwe la vuguvugu zaidi, na umimine rojo ndani ya hotipoti uliyoisuuza kwa maji ya moto. Hotipoti iliyozoea kubeba chapati ndiyo chumba kizuri cha kuumulia kwa nyumba za huku. Jaza nusu tu, maana litapanda. Anza kulichungulia dakika ya 35, na likishajaa vipovu usilisubirishe hata kama mkaa haujashika. Lihamishie kwenye bakuli baridi. Asiye na hotipoti aweke bakuli ndani ya beseni la maji ya moto kiasi cha kuogea.

Umeme ukiwa wa wasiwasi, saga usiku uleule ila hamira isiingie mpaka alfajiri, na rojo ulipashe kwenye beseni la maji moto kabla ya kuitia.

Kwenye kuchoma, chuma cha vitumbua kishike moto kwanza, kisha mafuta kijiko cha chai kila shimo, kisha rojo robo tatu ya shimo. Moto uwe wa wastani kuelekea mdogo. Kando zikianza kukauka na matundu kutokea juu, kama dakika 2, geuza kwa kijiti au uma, dakika 2 nyingine. Vikiwa vyeusi nje na ndani rojo, mkaa ni mwingi, ondoa vipande viwili vitatu. Vikigandia, chuma kimesuguliwa kwa sabuni na steliwaya kikapoteza ngozi yake. Kipake mafuta, kichome mpaka kitoe moshi, kifute, urudie mara tatu. Hata hivyo mkupuo wa kwanza kushikashika ni kawaida, wala usikate tamaa kwa huo.

*Nazi zinazofika Tukuyu nyingine ukizipasua zimeoza, na bei inapanda sana wiki ya Krismasi. Maziwa tunayo ya kutosha. Naweza kuyatumia kwenye vitumbua na kitu kisiharibike?*
*Msomaji, Rungwe*

Unaweza, tena vinatoka laini. Mahali pa kikombe kimoja cha tui weka kikombe kimoja cha maziwa yaliyochemshwa yakapoa kiasi, na kijiko kimoja cha chakula cha samli au siagi, kwa sababu tui lina mafuta mengi kuliko maziwa na kitumbua kisicho na mafuta ndani kinakauka upesi. Punguza moto kidogo. Maziwa yana sukari yake ya asili, na protini yake husaidia kubabua, kwa hiyo kitumbua cha maziwa kinapata rangi kabla hakijaiva katikati.

Ukiamua kununua nazi, itikise sikioni usikie maji yanacheza, kisha tazama yale macho matatu. Yakiwa na unyevu au ukungu, iache hapohapo hata kama muuzaji ameshuka bei. Ndaga kwa barua yako.

*Kamwene, shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Iringa, mwaka huu sisafiri kwenda nyumbani. Nina jiko moja la gesi la mtungi mdogo, sufuria mbili na karai. Tuko watano na muda wangu ni saa moja na nusu. Nataka kalmati kama za nyumbani Tanga, lakini nilizopika mara ya mwisho zililegea ndani ya nusu saa, na shira iligeuka chenga za sukari.*

Marahaba, mdogo wetu, kamwene. Umechagua vizuri. Kwa mtu mwenye moto mmoja na saa moja na nusu, hakuna kitu tungekushauri kabla ya kalmati. Hazitaki mashine wala chuma maalumu, na unga wa vikombe 2 unawatosha watano kwa mtu kula saba au nane.

Changanya unga wa ngano vikombe 2, hamira ya chenga kijiko 1 cha chai, sukari kijiko 1 cha chai, chumvi robo kijiko. Tia mtindi vijiko 2 vya chakula, mafuta kijiko 1 cha chakula, na maji ya vuguvugu kikombe 1 kasoro kidogo. Maji usiyamwage yote kwa mara moja. Unga wa viwanda tofauti hunywa tofauti. Sasa ingiza mkono. Ukandaji wa kalmati ni wa kupiga: unachota donge kutoka chini, unalinyanyua, unalibwaga, dakika 5 hadi 7, mpaka linanyooka kama mpira bila kukatika na unasikia vipovu vikipasuka chini ya vidole. Donge lisilopigwa vya kutosha linatoa kalmati zenye mikia na pembe.

Liumue ndani ya sufuria iliyokalia sufuria nyingine yenye maji ya moto ya kuvumilika, umefunika, dakika 40. Kwa kuwa una moto mmoja, dakika hizo ndizo za shira. Sukari kikombe 1 na nusu, maji robo tatu ya kikombe, koroga sukari iyeyuke kabla haijachemka. Ikishaanza kuchemka, mwiko utoke na usirudi. Hapo ndipo ulipokosea mara ya mwisho, tunaamini. Kukoroga shira inayochemka, au kuziacha chenga za sukari zilizoganda ukingoni mwa sufuria zianguke ndani, kunaipa sukari kitu cha kushikia, ikipoa inarudi chenga. Futa ukingo kwa kitambaa chenye maji, kisha tia maji ya limau kijiko 1 cha chai. Asidi ya limau huivunja sehemu ya sukari kuwa sukari nyepesi zisizogandana, na hizo ndizo zinazoizuia shira kurudi chenga usiku wa baridi. Iliki iingie mwishoni.

Ichemke kwa dakika ngapi? Kipimo cha nyumbani kinaweza kusema 10. Iringa anza kupima dakika ya 6. Weka tone kwenye sahani, libonyeze kwa kidole, nyanyua. Likitoa uzi mmoja usiokatika haraka, zima. Mwenye kipimajoto apunguze nyuzi 5 au 6 kutoka namba yoyote ya pwani. Asipopunguza atafikisha namba, lakini shira itakuwa imekaza kama pipi.

Mafuta karaini yawe na kina cha vidole vitatu. Dondosha donge dogo: likizama, ukahesabu mpaka tatu, likapanda polepole, yapo tayari. Likipanda papo hapo na kubadilika rangi, ni moto mno. Huku maji yaliyomo ndani ya donge yanageuka mvuke kwenye joto dogo zaidi, kwa hiyo ganda linakauka na kupata rangi mapema wakati moyo bado ni unga. Punguza gesi kuliko unavyodhani. Lowesha mkono wa kushoto kwa maji, chota donge kiganjani, kunja ngumi mpaka kijidonge kichomoze kati ya gumba na kidole cha shahada, kikate kwa kijiko kilicholoweshwa, kidondoshe kwa upole karibu na uso wa mafuta. Ukishajaza, zungusha mafuta kwa upawa muda wote, kalmati zigeuke zenyewe. Kila mkupuo uchukue dakika 6 hadi 8. Zilizoiva dakika 3 ndizo zinazolegea: mvuke uliobaki ndani unatoka baadaye na kulilowesha ganda.

Zichuje dakika moja, kisha zitie moto moto kwenye shira ya vuguvugu, zigeuze kwa hesabu ya kumi, zitoe. Zikilala kwenye shira hazirudi tena kuwa ngumu. Na watoto wa jirani wasikaribie shira inayochemka. Inaunguza kuliko maji, kwa kuwa inang'ang'ania ngozi.

*Keki yangu ya jiko la mkaa inapanda vizuri mpaka natamani kuimba, halafu inabonyea katikati. Kipimo: unga vikombe 2, sukari kikombe 1, siagi gramu 150, mayai 3, maziwa nusu kikombe, beking pauda vijiko 2 vya chai.*
*Dada wa Mafinga*

Dada, kipimo chako kingekaa sawa Bagamoyo. Mafinga beking pauda hiyo inatengeneza hewa inayovimba kupita kiasi, kuta za keki zinanyooka mpaka zinachanika kabla mayai na unga havijakaza, na katikati panaporomoka. Sukari nyingi inazidisha tatizo kwa kuchelewesha kukaza.

Fanya hivi: beking pauda kijiko 1 na nusu cha chai, sukari robo tatu ya kikombe, mayai 4, maziwa nusu kikombe na vijiko 2 vya chakula. Siagi ibaki. Yai la nne linatia nguvu kuta, na maziwa yaliyoongezwa yanafidia maji yanayokimbia haraka kwenye hewa kavu ya sufuria. Siagi na sukari uvipige mpaka viwe vyeupe, lakini mayai yakishaingia usiendelee kupiga kwa bidii. Unga ukishaingia, korogo kumi na tano za mwiko zinatosha.

Kwenye moto ndipo keki nyingi za mkaa zinapopotea. Weka mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha sentimita 2 au 3, ndani ya sufuria kubwa. Funika, ipashe dakika 15. Sufuria ya keki iliyopakwa siagi na kunyunyizwa unga ikae juu ya mchanga. Gawa mkaa: theluthi moja chini, theluthi mbili juu ya mfuniko. Wengi wanafanya kinyume, chini inaungua na juu inabaki rojo. Keki ya upana wa sentimita 20 huchukua dakika 40 hadi 50. Usifunue kabla ya dakika ya 25. Baridi ya Mafinga ikiingia kwenye keki ambayo haijakaza, inabonyea hata ikiwa kipimo ni sahihi. Kijiti kikitoka kikavu, ipe dakika 10 nje ya moto kabla ya kuigeuza.

Ukitaka ya haraka kweli, mimina mchanganyiko huohuo kwenye vikopo vidogo vya keki, nusu ya kimo. Vinaiva kwa dakika 18 hadi 20, na havibonyei kwa urahisi kwa sababu katikati hakuko mbali na moto.

Na tafadhali, dada, wewe na kila anayetusoma: Desemba ni mvua na ubaridi, kishawishi ni kuingiza jiko la mkaa ndani na kufunga mlango. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na inaua. Pikia barazani au chini ya paa lililo wazi. Ikibidi ndani, mlango na dirisha vyote viwe wazi, na jiko lisilale ndani na watu hata kama mkaa umebaki majivu mekundu tu.

*Kashata zangu za karanga zinaganda vizuri asubuhi, jioni zinanata na kuchuruzika. Nakaanga sukari kavu mpaka iwe ya kahawia.*
*Msomaji, Vwawa*

Mvua ndiyo inayokuharibia. Sukari iliyounguzwa ikawa kahawia haina chenga, ni kama kioo, na kioo cha sukari kinanyonya unyevu wa hewa bila kuchoka. Msimu wa mvua tunapendelea kashata nyeupe, ambayo sukari yake imerudi chenga makusudi, hiyo inavumilia.

Karanga zilizokaangwa na kumenywa vikombe 2, sukari kikombe 1, maji robo kikombe, chumvi kidogo, iliki. Chemsha sukari na maji bila limau. Dondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi: likikusanyika kuwa kidonge laini kinachobonyea, epua, tia karanga zikiwa bado za moto, koroga kwa nguvu mpaka shira ipoteze mng'aro na kuwa kama ukungu. Mwaga mara moja kwenye sinia lililopakwa mafuta na kupashwa moto. Sinia baridi la Vwawa litaigandisha kabla hujaisambaza. Kata baada ya dakika 5, usingoje ipoe kabisa. Kazi yote ni dakika 25. Ukipenda ile ya kahawia, iweke kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana mara tu inapopoa.

*Nimevutiwa na pudini ya Krismasi ya Waingereza. Naweza kuipika siku hiyohiyo?*
*Mbeya mjini*

Hapana. Ile ni ya zabibu kavu, mafuta ya figo ya ng'ombe, sukari guru na viungo. Desturi yao ni kuichanganya Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, kuipika kwa mvuke saa 6 hadi 8, kuiweka wiki kadhaa, kisha kuipasha tena siku yenyewe. Mvuke wa Mbeya ni wa nyuzi 94, kwa hiyo ungechelewa zaidi.

Chukua viungo vyake uviweke kwenye mapichesi, kama yameshafika sokoni. Kilo 1 iliyomenywa na kukatwa vipande, sukari nusu kikombe, maji nusu kikombe, kijiti cha mdalasini, karafuu 3, moto mdogo dakika 15. Karafuu ya nne itakupa ladha ya dawa ya meno. Uyale yakiwa baridi, na mtindi mzito.

*Wageni wakifika bila taarifa na pilau imeshaliwa?*
*Makambako*

Tambi. Vunja tambi nyembamba gramu 200, zikaange kwa samli vijiko 3 vya chakula, moto mdogo, ukigeuza bila kuacha dakika 4 au 5 ziwe za rangi ya mchanga wa mto. Mimina maziwa kikombe 1 na nusu yaliyochanganywa na maji nusu kikombe, yote yakiwa ya moto, tia zabibu kavu, funika dakika 8. Sukari nusu kikombe na iliki viingie mwishoni, tambi zikishalainika. Sukari ikitangulia inanyang'anya tambi maji, zinabaki ngumu kama waya hata ukipika nusu saa. Zikikauka kabla ya kulainika, nyunyiza maji ya moto vijiko viwili vitatu. Usiyamwage kwa kikombe, utapata uji.

*Vitumbua vikibaki mpaka tarehe 26?*
*Mama yuleyule wa Uyole*

Viache vipoe kabisa kwenye ungo, mama, ndipo uviingize kwenye chombo. Vikifunikwa vikiwa moto vinatoa jasho na kuchacha. Kwa baridi ya Uyole vinakaa mpaka kesho yake asubuhi bila friji. Vya maziwa usiviamini kupita hapo. Kuvipasha, rudisha chuma motoni bila mafuta, panga vitumbua kwenye mashimo yake, nyunyizia matone machache ya maji, funika kwa sahani dakika 2. Mvuke unaulainisha wali uliokakamaa ndani, na chuma kinarudisha ganda.